Masinde na Wenzake

Barua kutoka chuoni ilikuwa na mistari sita, na Asenath Wekulo aliisoma akiwa amesimama mlangoni pake, mkono mmoja bado umeshika kitasa. Mhadhiri yeyote aliyekaa miaka kumi bila kupanda cheo, ilisema barua, atafika mbele ya kamati na rekodi yake ya utafiti. Akikosa alama ishirini na nne, mkataba wake hautafanywa upya. Zamu yake ilikuwa Jumatano ya tarehe kumi na nane, wiki tatu kutoka siku ile.

Akaingia ndani, akaketi kitandani, akapiga hesabu kwa vidole ingawa yeye ni mtu wa hesabu kubwa. Alama nane kwa kila makala ambayo jina lako ndilo la kwanza. Alama moja kwa kila makala ambayo jina lako linafuata, liwe la pili au la tisa. Asenath alikuwa ameandika makala kumi na nne, na katika zote kumi na nne jina lake lilikuwa la mwisho. Alama kumi na nne. Miaka ishirini na moja ya kukesha, macho yameingia ndani, na jumla yake ni alama kumi na nne.

Wala si kwamba alikuwa mtu wa kubebwa na wenzake. Watu wa taaluma yake, hisabati ya fizikia, wana desturi yao: majina hayapangwi kwa wingi wa jasho, yanapangwa kwa alfabeti, kama rejista ya darasa la kwanza. Mzee aliyemfundisha alimwambia kwamba kugombania nani atangulie ni tabia ya wachanganya dawa na wapasua panya. Wanaotafuta ukweli wa vitu hawasukumani kwenye foleni. Maneno matamu hayo. Mzee mwenyewe jina lake lilianza kwa B.

Asenath aliyameza mazima. Akayafanya dini. Kila alipoandika na mtu, hata pale ambapo mtu huyo alileta chai tu, aliyapanga majina kwa alfabeti na akalala usingizi mzuri. Kamati sasa ilikuwa ya watu wa mbolea, wa kemia na wa biashara, ambao kwao jina la kwanza ndilo lililofanya kazi na la mwisho ni la kuonewa huruma. Desturi ya wengine waliijua wapi? Au waliijua, na iliwafaa kutoijua.

Katika zile kumi na nne kulikuwa na moja iliyozishinda zote. Iliandikwa mwaka wa 2012, na juu yake majina matatu: Masinde, Thuo, Wekulo. Kanuni iliyokuwa ndani yake ilijibu swali ambalo watu wa Shauri Moyo, mtaa wake uliojaa mafundi wa bati, wanaishi nalo masikioni kutwa nzima bila kuliuliza. Ukichukua kipande cha bati, usikishike popote, ukakigonga, mtikisiko wake wa polepole kabisa unaweza kuwa wa polepole kiasi gani? Asenath alionyesha kwamba kuna mpaka, na kwamba mpaka huo unaujua ukishajua ukubwa wa bati na urefu wake. Thuo, mwenzake wa ofisi moja, aliendesha kompyuta. Maradhi yakamchukua mwaka wa 2021, Mungu amrehemu. Masinde alichora michoro. Alikuwa mwanafunzi wa Asenath wa shahada ya pili, mzaliwa wa mtaa uleule, mwana wa Triza anayeuza nyama Soko la Burma. Asenath alimtia kwenye makala ili apate cha kuonyesha akiomba ufadhili.

Makala ile ilikuwa imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili. Uholanzi, Korea, Brazili. Na wote walioinukuu waliandika vilevile, kwa kuwa majina yakifika matatu hutajwa la kwanza tu: Masinde na wenzake wamethibitisha. Kama walivyoonyesha Masinde na wenzake. Wengine, kwa uvivu, wakafupisha zaidi: mpaka wa Masinde. Kwa mpaka huo Protus Masinde alipata ufadhili, akaenda ng'ambo, akarudi profesa akiwa na miaka thelathini na sita, na sasa ofisi yake ilikuwa orofa ya juu ya ofisi ya mwalimu wake. Asenath alikuwa wenzake.

Njia ilikuwa moja tu. Kanuni za kamati ziliruhusu mwandishi wa kwanza aandike barua kukiri kwamba kazi kubwa ilikuwa ya mwingine, na hapo alama nane huhama. Nane na kumi na tatu ni ishirini na moja. Zile tatu zilizobaki mtu angeweza kuzipigania kwa mdomo. Bila barua ya Masinde hapakuwa na cha kupigania.

Ili aombe kwa akili iliyo sawa, aliitoa makala ile akaisoma upya, mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na zaidi. Ikamfurahisha. Hatua ya nne ya uthibitisho, yenye kurasa kumi na tisa, ilikuwa imetoka kichwani mwake katika miezi ambayo mama yake alikuwa anakata roho kwenye kitanda hikihiki. Sharti la kanuni lilikuwa jepesi: ukingo wa bati uwe laini, usiwe na pembe kali. Basi.

Jumanne asubuhi akatoka kwenda kununua maziwa. Kwenye banda la Opicho, fundi wa majiko na masanduku, nyundo zilikuwa zimeshaanza. Opicho alikuwa ameinua kipande cha bati chenye umbo la tarakimu nane: miduara miwili iliyoshikana kwa shingo nyembamba kama kidole.

"Niaje, daktari wa mabati!"

"Poa, Opicho. Hiyo ni nini?"

"Vifuniko viwili. Naziacha zimeshikana mpaka mteja aje. Nikikata mapema, moja hutembea." Akacheka. "Hapa kitu ikiwa peke yake ina miguu."

Akaitikisa ili vumbi lidondoke. Bati likapepea: duara moja likapanda, jingine likashuka, polepole mno, kama mlevi anayekubali kila anachoambiwa.

Asenath akasimama.

"Itikise tena."

"Unanunua ama unacheza?"

"Itikise, tafadhali."

Opicho akaitikisa. Juu, chini. Ukingo wake ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho. Mkasi wa Opicho haukuacha pembe hata moja. Na mtikisiko ule ulikuwa wa polepole kuliko mpaka.

"Ukiipunguza hiyo shingo?" Asenath akauliza.

Opicho akaukata ule mshikano ukabaki kama kalamu, akaitikisa. Polepole zaidi. Akaukata tena. Sasa bati lilikwenda kama linalala.

"Itakuwa hivyo tu mpaka ikatike," Opicho akasema. "Kila fundi hapa anajua hiyo. Daktari, uko sawa? Kaa kwa hii ndoo."

Hakukaa. Alirudi nyumbani bila maziwa. Kufikia saa nane mchana alikuwa amelipata shimo, ukurasa wa kumi na moja, mstari mmoja ulioanza na neno "bila shaka". Sharti lake lilikataza pembe kali. Halikukataza shingo nyembamba. Kwa bati la Opicho, kanuni ilikuwa ya uongo. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameinukuu, naye akaanza kushuku kwamba waliowahi kuisoma hawatoshi kujaza benchi moja la kanisa.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Wiki mbili tu. Angefunga mdomo, aende mbele ya kamati, apate mkataba, kisha aseme. Siku tatu alijiambia hivyo akiosha vyombo. Lakini desturi ilikuwa imemkaa mwilini: ukipata kosa katika kazi ya pamoja, unamwambia mwenzako kwanza, kabla ya jarida, kabla ya mtu yeyote, ili msahihishe pamoja. Thuo alikuwa kaburini. Alibaki Masinde.

Jumamosi akatembea hadi Burma. Masinde huja pale kila Jumamosi, gari lake kubwa likiegeshwa mbele ya bucha la mama yake ili majirani walione.

"Asenath mwana wa Wekulo!" Triza akaita kutoka nyuma ya mizani, aproni imelowa damu, kisu mkononi. Ana miaka sitini na minane na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Umekonda hivi, hicho chuo chenu kinawala nyama?"

"Tunakula chaki, Mama Protus."

"Pita ndani. Kijana wako yuko huko anamaliza mbavu zangu."

Masinde aliinuka, akanawa mikono, akamsalimia kwa mikono miwili. Adabu alikuwa nayo; hilo tusimnyime.

"Mwalimu! Karibu. Mama, mwongezee mwalimu mguu!"

Asenath hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisubiri nyama iletwe, akaonja kipande kimoja, akasema, "Protus, nimekuja kuomba barua."

"Nilisikia jina lako liko kwenye orodha."

"Niandikie ukweli tu. Kwamba majina tuliyapanga kwa alfabeti. Kwamba uthibitisho niliufanya mimi."

Masinde akachovya nyama kwenye chumvi, akaiacha pale pale. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenilea. Lakini hebu fikiria. Nikiandika kwamba kazi ile si yangu, kesho yake watauliza mimi nilipandia nini. Faili langu limesimama juu ya makala ile. Ukiitoa, naanguka mimi pia, na wewe bado hujafika ishirini na nne."

"Ningefika ishirini na moja."

"Si ishirini na nne, Mwalimu. Tuanguke wote wawili kwa nini?" Akashusha sauti. "Kuna njia nyingine. Tuna kikundi, watu wa vyuo vitano. Huyu anatia jina la yule, yule anatia la huyu, tunanukuliana. Nikuweke mbele kwenye makala tatu. Miezi sita."

"Mimi nina siku kumi na moja."

"Ndiyo maana nilikuambia zamani ujiunge."

Baba yake Asenath, mzee Wekulo, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha mablanketi. Mwaka wa 1979 alitengeneza mtambo uliowashinda wataalamu walioletwa kwa ndege, na gazeti la kiwanda likachapisha picha ya msimamizi ameegemea mtambo ule, amekunja mikono. Mzee alilikata gazeti lile, akaliweka ndani ya Biblia. Wakati wa mgomo wa 1983 alikuwa wa kwanza kufukuzwa. Binti yake aliapa kwamba yeye ataingia kwenye kazi ambayo ukweli wake hauna msimamizi. Alikuwa na miaka saba. Sasa ana arobaini na tisa, anaomba kwenye meza ya nyama.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa aina yake tu angelifanya. Badala ya kuinuka aende zake, alichukua karatasi ya kufungia nyama, akachora tarakimu nane.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Ni lazima nikuambie wewe kwanza. Hatua ya nne ina shimo."

Masinde akatazama mchoro. Alikuwa mtu mwenye akili. Hilo nalo tusimnyime. Rangi ilimtoka usoni kabla Asenath hajamaliza sentensi ya pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Opicho, fundi wa majiko."

"Na suluhisho?"

"Linahitaji sharti la pili. Upana wa shingo usipungue kiwango fulani. Nadhani inashika, sijamaliza. Tuandike masahihisho pamoja, mimi na wewe, na jina la marehemu."

"Bila shaka," Masinde akasema. "Nipe siku chache niangalie, Mwalimu. Usitume chochote kwanza." Akaikunja ile karatasi ya nyama yenye mafuta, akaitia mfukoni mwa koti lake.

Asenath akampa siku hizo. Akazitumia kumalizia sharti la pili, likashika. Jumatatu akamwandikia, hakujibiwa. Jumanne wiki ya pili, siku moja kabla ya kamati, ilimfikia nakala ya barua pepe kutoka kwa mhariri wa jarida. Kwa heshima, mhariri alimfahamisha kwamba Profesa P. Masinde amegundua kosa katika makala ya 2012, na kwamba masahihisho yake, yenye sharti jipya la upana wa shingo, yamekubaliwa na yatachapishwa mara moja. Mwandishi ni mmoja. Chini ilikuwa imeambatishwa barua ya Masinde mwenyewe. Asenath aliisoma mara tatu. "Kwa ajili ya uwazi," aliandika yule kijana, "napenda ieleweke kwamba hatua ya nne, yenye kosa, ilifanywa na Dkt. A. Wekulo peke yake, na kwamba mimi sikushiriki kuiandika."

Barua aliyoiomba mbele ya mguu mzima wa mbuzi ilikuwa hiyo hapo, ina saini na muhuri.

Jumatano akaichapa karatasini, akaenda nayo. Kamati ilikuwa ya watu saba kwenye meza ndefu, na chupa za maji zimepangwa kama walinzi. Masinde, aliyekuwa mjumbe pia, hakuwepo, alikuwa amejiondoa kwa sababu ya uhusiano, wakasema, na wakamsifu kwa hilo. Mwenyekiti alikuwa Profesa Wacuka, mama wa kemia, mpole wa sauti.

"Daktari Wekulo, tumeipokea barua hii pia. Inasema kosa ni lako."

"Ni langu."

"Ahsante kwa kukiri."

"Sijamaliza, Profesa. Inasema hatua ya nne niliifanya peke yangu. Makala ina kurasa ishirini na tatu. Hatua ya nne ni kumi na tisa. Zile nne zilizobaki ni utangulizi, hatua tatu fupi za maandalizi, michoro na shukrani. Mwandishi wa kwanza amekiri kwa mkono wake kwamba kanuni ni yangu. Hizo ni alama nane."

Mzee mmoja wa mbolea akakohoa. Wacuka akageuza karatasi upande wa pili, kana kwamba jibu lilikuwa nyuma yake.

"Barua ya mwandishi wa kwanza inapaswa kuwa ya kukiri mchango," akasema taratibu. "Hii ni ya kukiri kosa."

"Ni kurasa zilezile, Profesa! Fungueni makala muione. Nimekuja nayo."

"Daktari, sisi hapa hatusomi makala. Tunahesabu."

"Kwa hiyo kwenye sifa mimi ni wa mwisho, na kwenye lawama ni wa kwanza."

"Hilo halimo kwenye fomu."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anapenga kamasi. Wacuka alikuwa bado anasoma. Akasema, kwa huzuni ya kweli nadhani, kwamba kuna kifungu kingine: makala iliyo chini ya masahihisho haihesabiwi kwa walioikosea. Hivyo zilibaki alama kumi na tatu. Walimshukuru kwa utumishi wake. Ufunguo wa ofisi aurudishe kufikia mwisho wa mwezi.

Alasiri ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake, bado amevaa viatu vya kamati, Triza alipoingia uani akihema, kifurushi cha nyama kwapani.

"Nimekuletea maini na kipande cha paja," akasema, akajitupa kwenye kiti cha pili. "Leo nafurahi na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha. Umesikia kijana wako alichofanya? Amewakamata Wazungu na kosa! Kosa la miaka kumi na tatu, hakuna aliyeliona, yeye akaliona. Amenipigia simu mwenyewe. Anaalikwa Ujerumani kulielezea."

"Alikuambia kosa lilikuwa la nani?"

"La hao hao wa kule. La nani tena?"

"Lilikuwa langu, Mama Protus."

Triza akacheka, akampiga paja. "Wewe! Wewe ukosee nini?"

"Nilikosea. Kisha nikalipata mwenyewe, kwa Opicho pale. Nikaja kumwambia Jumamosi ile kwako. Nilimchorea kwenye karatasi yako ya nyama."

Kicheko kikakauka. Triza aliikumbuka karatasi ile. Alifua suruali na koti la mwanawe Jumapili, na alimgombeza kwa ajili ya mafuta mfukoni. Alimtazama Asenath viatu, kisha uso, kisha ile barua iliyokuwa magotini mwake.

"Na kazi?"

"Imekwisha leo."

"Na kile kitu chenyewe, kile kilichompa uprofesa? Kile cha zamani?"

Miaka kumi na tatu Asenath alikuwa ameliita jambo hili desturi. Aliliita alfabeti, aliliita bahati mbaya ya herufi W, na kwa Thuo marehemu aliliita mzaha. Hakuwa amewahi kuliita kwa jina lake, kwa sababu mtu aliyempa mtoto wa jirani mkono hapendi kusema mtoto huyo aliufanyia nini mkono huo.

"Kilikuwa changu," akasema. "Protus aliniibia. Mara ya kwanza nilimpa mwenyewe, na akakataa kurudisha. Mara ya pili aliniibia."

Nyundo za Opicho zilikuwa zikiendelea ng'ambo ya ukuta. Triza hakulia wala hakumtetea. Alikaa hivyo, mikono yenye makovu ya visu imelala juu ya kifurushi, akitikisa kichwa kidogo kidogo, si kwa kukataa.

"Utampeleka wapi kumshtaki?" akauliza hatimaye.

"Hakuna pa kumpeleka. Hawasomi."

"Mimi ni mama yake, Asenath. Nifanye nini mimi?"

"Sijui, Mama Protus."

Wakakaa. Jua likahama kutoka uani hadi ukutani. Damu ya maini ilikuwa imeanza kupenya karatasi na kudondoka kwenye saruji, na wote wawili waliiona, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuleta sufuria.